Kaa Hapo Hapo, Mama, Nakuja

Mimi watu wananiita Pilipili, na jina hilo sikujipa. Nililipata kazini, kwenye meza ya simu ya mamlaka ya maji, siku mteja mmoja aliponitukania mama yangu kwa sababu ya bomba lililopasuka nami nikamjibu. Nilichomjibu sikirudii hapa. Meneja aliniita ofisini akanifokea mpaka mate yakaruka, na nilipotoka wenzangu wakanipigia makofi. Kwa hiyo mkinisikia nafoka humu ndani, mniwie radhi. Mtu akimgusa mama yangu, sioni wala sisikii.

Na haya yote yanamhusu mama.

Alianza kusahau taratibu. Kwanza alisahau sufuria jikoni, tukacheka. Halafu akasahau kwamba baba amekufa, na kila akikumbushwa analia upya, mpaka nikaona heri tuseme amesafiri. Mwishowe kuna siku alisahau hata sura yangu, ananiita dada, ananikaribisha kiti ndani ya nyumba ninayoilipia kodi mimi. Ila namba moja ya simu haikumtoka, ile namba fupi ya mamlaka ya maji. Aliikariri siku niliyoajiriwa, akawatangazia majirani wote kwamba ukipiga hapo anapokea binti yake. Nilimnunulia simu ya mkononi, akaipoteza. Nikamwandikia namba yangu ukutani kwa tarakimu kubwa, akaikodolea macho akauliza, "Ya nani hiyo?" Basi tukabaki na simu ya mezani pale sebuleni, na namba ya mamlaka ya maji.

Alikuwa anapiga kutwa.

"Mwanangu, umefika?" Ndilo swali lake. Ukimjibu umefika, anauliza kama umekula. Ukimjibu umekula, anasema, "Basi mimi nakuja huko." Na hapo ndipo penye kazi. Hapo lazima umwambie, "Kaa hapo hapo, mama, nakuja." Ukimwambia hivyo anakaa. Anaweka simu, anarudi kwenye kiti chake cha dirishani, anatulia tuli mpaka yampande tena. Usipomwambia, anatoka. Aliwahi kutoka asubuhi moja ambayo simu zilituzidi, akasubiri weee akachoka. Nilimkuta sokoni kwa wauza mkaa, anawauliza kama wamemwona mtoto wa shule aliyevaa sketi ya buluu. Mtoto mwenyewe ni mimi, na kichwa changu kina mvi.

Sasa, pale kazini simu za binafsi zilikuwa marufuku. Za mkononi tunaziacha kwenye makabati mlangoni, na za mezani zote zinarekodiwa. Tena simu ikiingia haichagui meza, inaangukia kwa yeyote aliye huru. Kwa hiyo mama hakuwa ananipata mimi, alikuwa anatupata sisi sote. Na wenzangu, Mungu awape, walijifunza bila kufundishwa. Mzee wetu mmoja wa kitengo cha bili, mwenye sauti nzito inayotetemesha vikombe, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nimefika, mama. Nimekula. Kaa hapo hapo, nakuja." Halafu akaziba kipaza sauti kwa kiganja, akanigeukia. "Anauliza nina mafua?"

Aliyeniweza kabisa ni Kasuku. Huyu alikaa meza ya kando yangu, na jina alipewa kwa kuiga watu. Ukitaka meneja, anakutolea meneja mpaka na ile pumzi yake ya puani. Kwa mama alikuwa ananiiga mimi, pamoja na kikohozi changu, na mara nyingine walizungumza mpaka mama akacheka. "Shoga, mama yako ananipenda kuliko wewe," ananiambia. Namwambia mchukue basi, uje umwogeshe. Tunacheka, maisha yanaenda.

Ndipo ikaja ruzuku.

Meneja alitukusanya, akapanda juu ya kijukwaa ambacho hakikuwa na sababu ya kuwepo, akatutangazia kwamba serikali imetoa fedha za kuwafunza wafanyakazi stadi za akili mnemba. Wengine wanasema akili unde. Kasuku aliiita akili ya kuazima. Mashine itapokea simu, sisi tutakuwa wasimamizi wake, hakuna atakayefukuzwa, kila mmoja atapata cheti. Sharti la wizara ni kwamba sote tumalize mafunzo, na siku ya kufunga mashine ifanye kazi peke yake, mgeni rasmi akiwa anaangalia. Ikishindikana, fedha zinarudi zilikotoka. Aliposema hivyo meneja alitutazama usoni mmoja mmoja. Nilimwelewa, hata yeye ana watoto.

Mkufunzi alikuwa binti mwembamba, mpole, nilikuja nimeshajiandaa kumchukia. Nilishindwa. Aliniita mama, aliuliza kabla ya kufundisha, na hakuchoka na maswali yetu ya kijinga. Kazi tuliyopewa ilikuwa kusikiliza simu za zamani na kuzipanga. Hii bomba limepasuka, hii bili, hii maji hayatoki, na zile zisizo na pa kwenda unaziweka kwenye fungu la mengineyo. "Mashine haijui kitu ila mtakachoionyesha," alisema. "Msichoionyesha, kwake hakipo. Na simu za mengineyo ndizo itakazompa mtu apokee, kwa hiyo msizidharau." Mimi niliandika. Kasuku wakati huo alikuwa nyuma yangu anamwiga meneja alivyopanda kijukwaani, na safu nzima ya nyuma inajibana mbavu.

Mimi nilikuwa na hofu. Simu zile za zamani ni pamoja na za mama, tena nyingi, na meneja alikuwa anapita anasikiliza za kuonja. Nikabanwa huku na huku. Zikigunduliwa, kazi yangu iko hatarini. Zisipofundishwa, mashine itamwambia nini mama yangu siku atakayouliza kama nimefika? Nilimweleza Kasuku wakati wa chai.

"Zimo kwenye fungu langu," akanijibu. "Niachie mimi."

Baada ya siku chache akanipitia mezani, akanigonga bega. "Yale ya mama yamekwisha. Lala usingizi."

Nikamkumbatia mbele ya watu, mimi ambaye sikumbatii mtu. Nilijua amezipanga kwenye mengineyo kimyakimya, na kwamba mama akipiga, mashine itampa mmoja wetu. Sikumuuliza zaidi. Ningemuulizaje, mtu aliyempokea mama yangu miaka yote hiyo bila kulipwa hata shukrani?

Siku ya kufunga nilivaa gauni langu la harusi za watu. Mama alikuwa dirishani. Siku hiyo nilikuwa dada.

"Unakwenda wapi, dada, umependeza hivyo?"

"Kazini, mama. Leo napewa cheti."

"Hongera. Ukimwona binti yangu huko mwambie avae sweta, mvua inakuja."

Nilimwomba jirani wa mlango wa pili awe anachungulia. Akasema niende tu, nisiwe na wasiwasi, naye kwa kweli alichungulia mpaka alipokwenda kumchukua mwanawe shuleni.

Ukumbini viti vilikuwa vimevalishwa vitambaa, na mbele wametundika kioo kikubwa cha kuonyesha simu zinavyoingia na kupokelewa. Kila ikipokelewa moja inawaka kijani. Mgeni rasmi akaipenda, akawa anapiga makofi kama mtoto, nasi tukalazimika kupiga naye. Hedifoni zetu zilikuwa mezani kule ofisini, hakuna mtu hata mmoja aliyebaki. Nilipoitwa nilikwenda kwa madaha, nikapeana mkono, nikapigwa picha. Nilipokaa Kasuku akaninong'oneza kwa sauti ya mgeni rasmi, "Hakika hili ni jambo kubwa sana," nikacheka mpaka nikajificha nyuma ya cheti. Mvua ikaanza kupiga mabati, mgeni rasmi akawa anashindana nayo kwenye kipaza sauti. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona mtu.

Hapo ndipo mlinzi alipoingia na jirani yangu. Jirani alikuwa amelowa chapachapa, ndala moja mguuni, nyingine mkononi. Niliinuka kabla hajaniona.

"Mama hayupo," akasema. "Mlango uko wazi. Simu inaning'inia."

Sikumbuki nilivyotoka kwenye safu ile. Ninachokumbuka ni mkufunzi ameshafungua kompyuta yake kwenye meza ya soda, ananiuliza namba ya nyumbani. Akaipata simu ya mama, imerekodiwa. Akaifungulia sauti.

"Habari. Umepiga mamlaka ya maji. Nikusaidie nini?" Sauti nzuri, laini, haina kikohozi.

"Mwanangu, umefika?"

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali taja namba ya mita yako."

"Umekula?"

"Tafadhali taja namba ya mita yako ili niweze kukusaidia."

Tulimsikia mama anahema. Halafu ile sauti yake ya zamani, ya kunibembeleza nikiwa na homa. "Unataka namba ya mita? Walimu wameidai? Haya, usilie, ngoja nikaisome. Kaa hapo hapo, mwanangu, nakuja."

Kilisikika kishindo cha simu kuachiwa. Mashine ikasubiri kidogo. "Asante kwa kupiga simu. Uwe na siku njema." Na pale mbele, kwenye kile kioo, simu hiyo nayo bila shaka iliwaka kijani tukaipigia makofi.

Niligeuka. "Kasuku. Uliniambia umezimaliza."

"Nilizifuta." Alikuwa ameshika mdomo. "Zote. Nilizitoa ili meneja asizikute. Ili usifukuzwe, shoga. Mimi nilidhani..."

"Mngeziacha kwenye mengineyo," mkufunzi akasema polepole, si kwa kulaumu, kama mtu anayejisemea, "ingempa mtu."

"Mtu yupi?" nikamfokea na yeye. "Mtu yupi, na sote mmetujaza humu ndani tumpigie makofi mgeni?" Nikamrudia Kasuku, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii mwenzake, mbele ya mgeni rasmi na kipaza sauti kikiwa hakijazimwa.

Meneja ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. "Zile simu nilizijua," akasema. "Siku mlizopungukiwa watu nilizipokea mwenyewe. Nilimwambia akae hapo hapo." Akafuta uso kwa kiganja. "Mita iko wapi, Pilipili? Fikiri."

Nyumba tunayopanga haina mita yetu, ni ya mwenye nyumba, imefungiwa nyuma ya ukuta. Mita anayoijua mama ni moja tu hapa duniani. Ni ya nyumba aliyoijenga baba, tuliyoiuza alipougua. Iko nje ya geti, kwenye shimo lenye mfuniko wa chuma. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anaisoma mwenyewe, anaufuta mkono jasho, anapangusa kile kioo kwa kitambaa, ananitajia namba yake, tarakimu moja moja, nami naandika kwenye daftari la shule, kwa sababu alitaka nizoee hesabu.

Tulikwenda kwa gari la meneja. Kasuku aliingia nyuma bila kualikwa, na sikuwa na muda wa kumshusha.

Tulimkuta. Wenye nyumba wapya wamejenga ukuta mrefu, hawakusikia kitu kwa sababu ya mvua. Mama alikuwa ameketi kwenye tope, miguu ndani ya shimo, ule mfuniko ameusogeza, sijui kwa nguvu gani. Shimo limejaa maji. Alikuwa amevua kilemba chake na mkono wake mzima umezama humo, anapangusa kioo ndani ya maji. Midomo imekuwa ya kijivu.

"Dada," akaniambia aliponiona, meno yakigongana, "nishike mkono niinuke. Namba nimeipata. Mwanangu ananisubiri kwenye simu."

Homa ya mapafu ndiyo iliyomshika. Hospitali walimweka karibu na dirisha, wakamtundikia maji, wakamvalisha kile kifaa cha hewa ambacho alikuwa anakivua kila nikigeuka. Daktari alinivuta pembeni, akazungumza na mimi kwa upole, na upole ule ndio ulionieleza yote. Mama hakunitambua tena. Nilikuwa dada anayemzuia. Alikuwa anataka simu, hana kingine. Anataja namba za mita kwa kunong'ona, anakosea, anaanza mwanzo, analia kwamba atazisahau.

Kasuku alikuja kila siku. Anasimama mlangoni na chupa ya uji, haingii. Uji naupokea, yeye simsemeshi. Nilikuwa na hasira naye, na hasira nyingine ilikuwa ya mashine, ya wizara, ya mvua, ya kile cheti kilichokuwa bado kwenye pochi yangu kimekunjika. Lakini mashine huwezi kuinunia ikaona.

Alasiri moja mama akajitahidi kuinuka. Aling'ang'ana kung'oa sindano, mimi nimemkumbatia, nalia, namwambia, "Mama, ni mimi. Mimi ndiye mwanao. Nipo hapa."

"Wewe sikujui, dada, usinicheleweshe," akasema. Hakunikaripia, alikuwa ananisihi. "Nilimwambia akae hapo hapo. Ni mtoto msikivu, bado amekaa. Giza litamwingilia."

Kasuku akaingia. Akaweka uji chini, akatoa simu yake ya mkononi.

"Toka nje upige," akaniambia. "Usoni hakujui. Kwenye simu anakujua."

Nilitaka kumfukuza. Halafu nikamtazama mama, nikatoka.

Nilisimama mwisho wa korido, penye machela zisizo na magodoro, ili asinisikie kwa sikio la kawaida. Nikapiga. Kasuku akapokea, nikamsikia anasema, "Mama, simu yako hii hapa," halafu pumzi ya mama, fupi, inayokwaruza.

"Mwanangu? Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Ulikaa hapo hapo?"

"Nilikaa, mama. Sikutoka."

"Nilijua." Akapumzika. "Nilichelewa, njia ilikuwa na maji. Una kalamu?"

Sikuwa na kalamu wala karatasi. "Ninayo, mama. Taja."

Akazitaja. Taratibu, moja moja, kama zamani, ananingoja nimalize kuandika kila moja. Niliziandika kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Na alizipatia zote. Najua, kwa sababu ile ya mwisho ilipofika niliitaja pamoja naye, na sikujua kama nami bado nilikuwa naikumbuka.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Umekula?"

"Nimekula." Nilikuwa sijala tangu jana yake.

"Una mafua?"

"Hapana, mama. Kikohozi tu."

"Vaa sweta." Nikasikia kitanda kinalia, na sauti yake ikarudi nyepesi, haina tena wasiwasi hata kidogo. "Basi mimi nakuja huko."

"Kaa hapo hapo, mama," nikamwambia. "Nakuja."

Nilingoja aweke simu, maana siku zote ukishamwambia hivyo anaweka. Haikuwekwa. Nikaita mama. Nikasikia Kasuku anavuta pumzi, basi. Nikaanza kukimbia ile korido na simu iko sikioni, nawapita watu, nazigonga zile machela, nasema kaa hapo hapo, mama, nakuja, nakuja, usitoke, nakuja.

Nilipoingia Kasuku alikuwa amepiga magoti, bado amemshikia simu sikioni kwa mikono miwili, hakuthubutu kuiondoa. Kichwa cha mama kilikuwa kimeelekea dirishani. Na pale kwenye mto wa kitanda, kwenye ile simu, nikaisikia sauti yangu mwenyewe, imechelewa kidogo nyuma ya mdomo wangu, inamwambia nakuja.